Mfarishi Juu ya Magoti ya Mgonjwa

Baridi anayoisikia mgonjwa wa saratani katika chumba cha dripu haitokani na hali ya hewa peke yake. Dawa hutundikwa ikiwa na joto la chumba, nayo huingia tone kwa tone katika mwili wenye nyuzi joto 37, kwa saa mbili, nne, na pengine sita mfululizo. Mara nyingi damu ya mgonjwa huyo imepungua, na mwenye upungufu wa damu husikia baridi mahali ambapo wenzake wanajipepea. Amekonda, mafuta yaliyokuwa chini ya ngozi yake yamekwisha. Juu ya kichwa chake kiyoyozi kinavuma, kwa sababu wauguzi waliovaa magauni na glavu nao wana joto lao. Na kama dawa yenyewe ni oksaliplatini, inayotumiwa zaidi kwa saratani ya utumbo mpana, basi kwa siku kadhaa kila agusapo kitu cha baridi vidole vitamchoma kama sindano, na funda moja la maji ya baridi litamkaba kooni.

Kwa baridi ya namna hiyo shuka moja ya hospitali ni msaada mdogo. Katika nchi kadhaa pengo hilo limezibwa na watu ambao si madaktari wala wauguzi: washonaji wa nyumbani, wastaafu, wanafunzi, na wengi waliowahi kuugua au kuuguza, ambao hushona mifarishi na kuwapa wagonjwa bila malipo. Mfarishi ni nguo ya kujifunikia yenye tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana. Neno hili ni la zamani katika Kiswahili, ingawa wengi leo huita kila kizito cha kujifunikia blanketi.

Mojawapo ya kazi hizo ilianzia Marekani, katika jimbo la Colorado, mwaka 1995. Mkesha wa Krismasi wa mwaka huo Karen Loucks alisoma katika jarida la Parade habari za mtoto mdogo mwenye saratani ya damu, aliyeeleza kwamba blanketi alilolizoea lilimsaidia kustahimili zaidi ya miaka miwili ya tibakemikali. Loucks aliamua kutengeneza mablanketi na kuyapeleka katika kituo cha saratani ya watoto mjini Denver. Kazi hiyo ikaitwa Project Linus, kwa jina la yule mtoto wa katika katuni za Charles Schulz asiyetengana na blanketi lake. Leo ina matawi mengi Marekani, imekwisha kugawa mamilioni ya mablanketi, na huwafikia pia watoto wenye dhiki nyingine zisizo saratani. Kwa watu wazima mfano ulio karibu zaidi ni shirika la Victoria's Quilts Canada, lililoanza mwaka 1999. Huko mgonjwa wa saratani, au mtu wake wa karibu kwa niaba yake, huomba mfarishi, naye hupewa bila kulipa.

Inafaa kuyatazama vizuri maneno ya mtoto yule. Hakusema kwamba blanketi lilimponya. Alisema lilimsaidia kustahimili. Hakuna mfarishi unaopunguza uvimbe, na yeyote anayemwambia mgonjwa kwamba nguo fulani ina tiba ndani yake aepukwe kama aepukwavyo muuza mizizi anayemzuia mtu kwenda hospitalini. Lakini kustahimili si jambo dogo katika saratani. Mgonjwa wa saratani ya matiti hupangiwa mizunguko kadhaa ya dawa, kila mmoja baada ya wiki mbili au tatu, naye anajua kwamba mzunguko ujao utamtapisha kama uliopita. Kila siku ya miadi huamka na kuamua upya kama atakwenda.

Muuguzi na mwanazuoni wa Marekani Katharine Kolcaba, aliyeijenga nadharia yake ya faraja katika miaka ya 1990, aliona faraja ina sura tatu: kuondolewa shida fulani, kutulia, na kuinuka juu ya shida isiyoweza kuondolewa. Joto la mfarishi linahusu ile ya kwanza. Uzito wake mwepesi juu ya magoti unahusu ya pili. Ya tatu haiko katika pamba wala katika kitambaa: ni ile hali ya mgonjwa kujua kwamba mtu asiyemfahamu kwa sura wala kwa jina alikaa siku nyingi akimshonea. Ugonjwa huu huwafanya wengine wakae mbali, ama kwa hofu, ama kwa kukosa la kusema. Mshonaji naye pengine hana la kusema, lakini ameshona. Na muuguzi ana faida yake ndogo katika jambo hili: mkono uliopashwa joto mishipa yake hujitokeza, na sindano huingia kwa urahisi zaidi kuliko katika mkono uliosinyaa kwa baridi.

Kazi yenyewe ni ya subira. Vitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa, ili kama ni kurudi virudi mapema, na kama ni kuchuja rangi vichuje kabla ya kuunganishwa na vingine. Vipande hukatwa kwa kipimo kimoja, kwa maana hitilafu ya nusu sentimita katika kipande cha kwanza huwa upogo wa kiganja kizima katika safu ya kumi. Uso ukisha kuungwa, hutandazwa juu ya pamba na bitana, zote tatu zikapigwa bandi zisitembee. Ndipo huja mishono ya kudumu inayopenya tabaka zote kutoka upande hadi upande. Hapo washonaji wapya hufanya haraka. Mishono ikiwa mbalimbali mno, mfarishi hupendeza siku ya kukabidhiwa tu; baada ya kufuliwa mara tatu pamba yote imejikusanya pembeni, na mgonjwa anajifunika vitambaa viwili vitupu.

Fundi mzuri, hata hivyo, anaweza kushona mfarishi usiofaa wodini, na hapa ndipo moyo wa kutoa unapokutana na kanuni za tiba. Mshonaji hutaka kutoa kilicho kizuri kuliko vyote: kipana cha kufunika kitanda, chenye vifungo, shanga na utepe, kilichotiwa manukato. Muuguzi anataka kinyume chake. Mfarishi wa chumba cha dripu hautakiwi kuburuza sakafuni. Takribani sentimita 100 kwa 150 zinatosha kufunika kutoka kiunoni hadi nyayoni. Vifungo na shanga hukusanya uchafu, na kwa mtoto mdogo huweza kuishia kooni. Manukato, hata yale ya sabuni ya kawaida, humchefua mtu ambaye tayari dawa imemchafua tumbo. Kitambaa kiwe kipya na cha pamba laini, hasa kwa anayepigwa mionzi, kwa kuwa ngozi iliyoungua kwa mionzi haivumilii msuguano wa nguo ngumu. Mashirika yanayofanya kazi hii kwa makini hukataa nguo yenye harufu ya moshi, manyoya ya wanyama, ukungu, au pini iliyosahauliwa ndani ya pindo. Kwa mgonjwa ambaye seli zake nyeupe zimeshuka, ukungu na uchafu si kero ya pua tu.

Kuna jambo moja ambalo mshonaji hawezi kulijua asipoambiwa. Mkono wenye dripu lazima uonekane muda wote. Baadhi ya dawa za saratani, doksorubisini ikiwa miongoni mwao, zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na jeraha lake laweza kuhitaji upasuaji. Dalili ya kwanza ni maumivu, wekundu au uvimbe mdogo mahali pa sindano. Mgonjwa aliyejifunika hadi kidevuni, akasinzia kwa raha ya joto, huenda asiihisi mapema, na muuguzi apitaye huenda asiuone mkono. Kwa hiyo mfarishi hufunika magoti, tumbo na bega moja. Mkono wa dripu hukaa juu yake, wazi.

La pili ni zito zaidi, nalo hutokea nyumbani. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi nyingi za tibakemikali, seli nyeupe za damu huwa chache kuliko wakati wowote. Mgonjwa akipata maambukizi siku hizo, mara nyingi jambo la kwanza analolisikia si joto bali baridi: anatetemeka, meno yanagongana, anaomba kufunikwa. Ndugu kwa huruma wanamfunika mfarishi, wanaongeza na blanketi, wanampa vidonge vya kutuliza homa, wanamwacha alale. Asubuhi wanamkuta hajitambui. Faraja imeificha hatari. Kila mfarishi unaokwenda nyumbani na mgonjwa wa tibakemikali ungefaa kufuatana na kipimajoto na maelezo mafupi: anayetetemeka apimwe kwanza, ikifika nyuzi 38 au zaidi, aende hospitalini saa ileile, iwe usiku au mchana, na akifika aseme kwamba anatumia dawa za saratani. Asisubiri siku ya miadi. Na hata kipimo kisipofika hapo, kutetemeka kwenyewe ni sababu ya kutosha ya kutafuta ushauri. Kipande cha karatasi kitapotea. Maneno machache yaliyodariziwa pembeni mwa bitana hayapotei.

Ufuaji nao una utaratibu wake. Kwa takribani saa 48 baada ya dawa, mkojo, matapishi na jasho la mgonjwa huweza kuwa na mabaki ya dawa. Mfarishi uliochafuka siku hizo ushikwe kwa glavu, ufuliwe peke yake, tena mara mbili, kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoweza kustahimili. Katika nchi zetu uongezwe upigaji wa pasi pande zote mbili, kwa sababu nguo iliyoanikwa nje huweza kubeba mayai ya inzi ambaye funza wake huingia ngozini.

Je, kazi hii ina nafasi Afrika ya Mashariki? Mgonjwa anayetoka Kigoma au Lindi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam kupigwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi hukaa mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa, na kitu kimoja ambacho hakosi kuwa nacho ni kanga. Kanga hufunika, hufunga, hupangusa, huwa mto. Hakuna haja ya kuleta kutoka ng'ambo mifarishi minene ya nchi za theluji. Katika joto la Dar es Salaam mgonjwa angeitupa pembeni, hasa mwanamke ambaye tiba imemkatishia hedhi na sasa hupandwa na joto la ghafla mara kadhaa kwa siku. Kanga au vitenge viwili, kati yake shuka nyepesi ya pamba, vinatosha kwa chumba chenye kiyoyozi. Pamba nene iachiwe Moshi, Mbeya na Njombe. Wala ushonaji wenyewe si mgeni kabisa kwa watu wenye asili ya pwani hii: Wasidi wa Karnataka, nchini India, ambao wengi wao asili ya wazee wao ni Afrika ya Mashariki, wanasifika kwa mifarishi yao ya viraka iitwayo kawandi, inayoshonwa kwa mkono kuanzia pembeni kuelekea katikati.

Malighafi yapo mlangoni. Mafundi cherehani wa kila mtaa hubaki na vipande vipya vya vitenge ambavyo hutupwa au huwashiwa moto. Kinachohitajika zaidi ni makubaliano na wodi kabla ya kukata kipande cha kwanza: muuguzi mkuu aseme vipimo, rangi na idadi. Rangi ina uzito wake. Nyeupe tupu ya bafta au marekani isitumike kabisa. Mgonjwa wa pwani akiletewa kitandani nguo nyeupe isiyo na doa ataisoma kama sanda, na hatakosea kuisoma hivyo. Kama ni kanga, jina lake lisomwe kwanza. Kuna kanga za mafumbo na vijembe ambazo hazifai kumfunika mtu anayepigania uhai wake. Maandishi ya mtoaji pia yachungwe: yasiahidi kupona, kwa kuwa mshonaji hana majibu ya vipimo.

Na picha zisipigwe. Imekuwa desturi mbaya kwamba zawadi yoyote inayoingia wodini huingia na kamera, na mgonjwa aliyenyonyoka nywele hutakiwa atabasamu ameshika alichopewa. Hawezi kukataa, maana ameshapokea. Mfarishi uliolipiwa kwa uso wa mgonjwa umeuzwa, haukutolewa.

Mfarishi hupewa mtu mmoja, ukawa wake. Haurudishwi wodini dawa zikimalizika, wala hauhamishiwi kitanda cha jirani, kwa sababu za usafi na kwa sababu za heshima. Akipona ataamua mwenyewe kama atautandika, atauweka sandukuni, au atauchoma ili asiuone tena; wapo ambao harufu ya wodi huwarudia kila wauonapo. Asipopona, ni wa wafiwa. Muuguzi anayefungasha vitu vya marehemu aukunje na kuuweka juu ya vingine.