Karo ya akademi inanunua nini Ukambani?

Ndengu za mvua za vuli huvunwa Mwingi na Kyuso kati ya Januari na Februari, na huku Makueni maembe yangali sokoni. Shule nazo hufunguliwa majira hayo hayo. Basi katika nyumba nyingi za Ukambani gunia halikai: linauzwa, na fedha zinaishia kwa mhasibu wa akademi moja ya bweni mjini Wote, Emali au Kitui. Mzazi ukimuuliza kwa nini asimpeleke mtoto shule ya umma iliyo ng'ambo ya mto, atakutajia chuo kikuu, hata kama mtoto mwenyewe yuko gredi ya nne.

Wazo hilo lina historia yake. Enzi za KCPE, mtihani wa mwisho wa darasa la nane, hesabu ilikuwa ngazi yenye vidato vitatu. Lipa akademi, mtoto apate alama mia nne na ushei kati ya mia tano. Alama hizo zimwingize shule ya kitaifa, ambayo ni ya umma na karo yake inawekewa kikomo na serikali. Huko apate A ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, aende kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, serikali ikichangia gharama. Unalipa sana chini ili ulipe kidogo juu. Wazazi hawakuwa wajinga.

Kidato cha kwanza cha ngazi hiyo, akademi, kilibeba uzito kweli, hasa baada ya 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya msingi na madarasa ya umma yakafurika. Mwanauchumi Tessa Bold na wenzake walichunguza matokeo ya KCPE wakakuta kwamba faida ya shule za kibinafsi katika alama ilikuwa kubwa, wala haikuelezeka kwa utajiri wa wazazi peke yake. Watahiniwa wa akademi walikuwa wachache nchini, lakini walizoa nafasi za shule za kitaifa kupita idadi yao. Mwaka 2011 Waziri wa Elimu, Sam Ongeri, akaleta mgao uliowapendelea waliotoka shule za umma. Wenye akademi walipiga kelele. Wazazi wengine wakatafuta mlango wa nyuma: mtoto asome akademi, ila mtihani asajiliwe shule ya umma ya jirani.

Vita vyote hivyo vilihusu kuingia shule ya kitaifa. Wachache waliuliza kama kuingia huko kunaongeza kitu. Wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliuliza. Walifuatilia watahiniwa wa KCPE ya 2004 hadi walipofanya KCSE 2008. Kwa kuwa nafasi za kitaifa ziligawanywa kwa wilaya, waliweza kumlinganisha mtoto aliyepenya chupuchupu na mwenzake aliyekosa kwa alama moja au mbili akaenda shule ya mkoa. Baada ya miaka minne hawakuona tofauti ya maana katika matokeo ya wengi wao. Sifa kubwa ya shule ya kitaifa, kumbe, ilitokana na watoto iliowachagua.

Ukambani hilo halikupaswa kushangaza mtu. Precious Blood Kilungu, Mukaa na St. Charles Lwanga zimepeleka watoto vyuo vikuu kwa miaka mingi bila kuitwa za kitaifa. Kitui School, Muthale Girls, Makueni Boys na Mbooni Girls zilipandishwa daraja hilo baadaye tu, katika upanuzi ulioanza 2011. Na shule nyingi za upili za huku zilisimamishwa na mwethya, vikundi vya Wakamba vya kazi ya pamoja, na harambee, mawe yakibebwa na akina mama kutoka mtoni.

Chuo chenyewe hakijali akademi. KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, hutazama gredi za KCSE na masomo yanayohitajika. Haiulizi darasa la nne ulilisomea wapi. Hapo tumewapita Wamarekani: utafiti wa kikundi cha mwanauchumi Raj Chetty, 2023, ulionyesha kwamba vyuo vyao teule hupendelea watoto wa matajiri wakubwa kuliko wa tabaka la kati wenye alama zile zile za mtihani. Kwetu pendeleo, likiwapo, huelekea upande wa pili. Hata kabla ya chuo, ufadhili wa serikali wa masomo ya sekondari, Elimu Scholarship, ulitaka mwombaji awe ametoka shule ya msingi ya umma. Mjane wa Kyuso aliyejinyima apate karo ya akademi aliweza kumfungia mwanawe mlango huo.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa kuingia gredi ya kumi kunategemea KJSEA ya gredi ya tisa kwa asilimia 60, tathmini za shuleni 20 na KPSEA ya gredi ya sita 20, na mtoto huchagua mkondo. Akademi yenye maabara na mwalimu wa sayansi inaweza kumsaidia kuliko ile ya kukaririsha tu, maana sekondari msingi za umma zinabanana ndani ya shule za msingi na walimu hawatoshi. Sibishani na mzazi anayelipia hilo akiwa na uwezo.

Mgogoro wangu ni na anayeuza mbuzi wa mwisho mtoto akiwa gredi ya saba. Mtihani unaofungua chuo kikuu unafanywa mwishoni mwa gredi ya kumi na mbili, na mbuzi wakiisha mapema, atakuwa na mtoto anayerudishwa nyumbani kila mara kutafuta karo, wenzake wakiwa maabarani.