Hofu i kwenye waya, hatari i mlangoni

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotoweka karibu kote nchini, wakazi wa majumba marefu yasiyo na jenereta walikumbushwa jambo linalosahaulika upesi: kwamba ghorofa ya kumi ni mbali. Giza kama hilo lilirejea Novemba na Desemba mwaka uo huo. Na kila linaporejea, swali moja humjia yeyote aliyewahi kukwama ndani ya lifti akisikiliza pumzi zake mwenyewe: je, waya ukikatika?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 170, na jibu lake lilitolewa hadharani. Mwaka 1854, katika maonyesho yaliyoandaliwa ndani ya jumba la Crystal Palace jijini New York, fundi Mmarekani Elisha Graves Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba mbele ya umati, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa.

Otis hakubuni lifti. Vyombo vya kupandishia mizigo kwa kamba na kapi vilikuwepo tangu zama za kale. Alichobuni ni breki. Juu ya jukwaa aliweka springi iliyokunjwa na mvuto wa kamba yenyewe. Kamba ilipolegea, springi ilinyooka na ncha zake zikajikita katika meno ya vyuma vilivyosimamishwa pande zote mbili. Kwa maneno mengine, kukatika kwa kamba ndiko kulikofunga breki.

Machi 23, 1857, lifti ya kwanza ya abiria iliyotumia breki hiyo ilianza kazi katika duka la E. V. Haughwout, jengo la ghorofa tano katika barabara ya Broadway, New York. Iliendeshwa kwa mvuke na ilikwenda polepole mno. Hata hivyo, iligeuza thamani ya majengo juu chini. Kabla yake, vyumba vya juu vilikuwa vya watumishi na wapangaji wa hali ya chini, kwa kuwa aliyekuwa na uwezo hakutaka kupanda ngazi. Baada yake, kileleni kukawa ndiko kwa matajiri.

Nguvu za mizani

Aina ya lifti inayotumika zaidi katika majengo ya ghorofa nyingi ni ile inayovutwa kwa nyaya. Msomaji wa pwani hatahitaji maelezo marefu kuhusu kanuni yake. Nahodha anapotaka tanga litwekwe, henza hupitishwa kwenye kapi iliyo juu ya mlingoti. Mabaharia wakivuta upande huu, foromali hupanda upande ule. Katika lifti, mahali pa mabaharia pamechukuliwa na vyuma vizito vilivyofungwa upande wa pili wa nyaya. Chumba kikipanda, vyuma hushuka. Kikishuka, vyuma hupanda.

Chukua mfano wa chumba chenye uzito wa kilo 1,000 kilichoundwa kubeba abiria 13, yaani kilo 1,000 nyingine. Vyuma vya kusawazisha huwa na uzito sawa na wa chumba kitupu pamoja na takriban nusu ya mzigo kinachoruhusiwa kubeba. Katika mfano huu, kilo 1,500. Basi chumba kikijaa, mota hainyanyui kilo 2,000 bali tofauti ya kilo 500 pekee. Wakiingia watu sita au saba, pande mbili zinakaribia kulingana na mota haina kazi kubwa ila kushindana na msuguano.

Na chumba kikiwa kitupu? Hapo upande mzito ni ule wa vyuma. Ndiyo kusema breki ya mota ikiachia wakati lifti imebeba abiria mmoja tu, mwelekeo wake wa asili si kuporomoka bali kupanda. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini hesabu haidanganyi, na ndiyo sababu lifti za siku hizi hulazimika kuwa na kinga dhidi ya kupanda kwa kasi kupita kiasi, sawa na ile ya kushuka.

Nyaya zenyewe si moja. Chumba hubebwa na kamba kadhaa za chuma zinazopita juu ya gurudumu lenye mifereji, zikishikwa na msuguano. Viwango vya usalama vya Ulaya, ambavyo vimeigwa katika mataifa mengi, hutaka kamba hizo zikiwa tatu au zaidi, ziwe na nguvu za kuhimili angalau mara 12 ya mzigo unaozikabili.

Tuseme zote zimekatika. Pembeni mwa chumba kuna kamba nyingine nyembamba inayozunguka gurudumu la kidhibiti mwendo, kifaa ambacho jina lake Wakenya walilizoea kwenye matatu tangu sheria za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004. Tofauti ni kwamba hiki hakichezewi na utingo. Chumba kikizidi kasi yake ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 15 au karibu na hapo, kidhibiti hujifunga, kamba yake husimama, na kwa kusimama huvuta kabari za chuma zilizo chini ya chumba. Kabari hizo huzibana reli mpaka chumba kisimame. Umeme hauhitajiki hata chembe.

Kisa mashuhuri zaidi cha lifti kuanguka chahitaji ndege ya kivita kukieleza. Julai 28, 1945, ndege ya Jeshi la Marekani aina ya B-25 iliyopotea ukunguni iligonga jumba la Empire State, New York, kwenye ghorofa ya 79. Betty Lou Oliver, mwendeshaji wa lifti aliyejeruhiwa katika ajali hiyo, aliingizwa ndani ya lifti nyingine ateremshwe kwa matibabu. Nyaya zilizokuwa zimeharibiwa na ndege zilikatika, akaporomoka kutoka ghorofa ya 75 hadi chini kabisa ya jengo. Alinusurika. Nyaya zilizojikusanya chini ya chumba pamoja na hewa iliyobanwa shimoni zilipunguza kishindo.

Jeki ya mafuta

Aina ya pili hainingʼinii popote. Chumba husukumwa kutoka chini na pistoni ndefu, kwa kanuni ile ile ya jeki ya mafuta inayotumiwa gereji kuinua gari. Pampu husukuma mafuta ndani ya silinda na chumba hupanda. Vali ikifunguliwa, mafuta hurudi tangini na chumba hushuka kwa uzito wake wenyewe. Kushuka hakuhitaji nguvu za mota.

Katika nchi ambayo umeme hukatika bila taarifa, hilo si jambo dogo. Betri ya kiasi inatosha kufungua vali na kuteremsha abiria hadi mlango ulio karibu. Tena uzito wote huelemea sakafu ya chini, si paa, kwa hivyo jengo la zamani laweza kuwekewa lifti ya namna hii bila kuimarishwa juu. Ila ina kasoro zake: ni ya mwendo wa kinyonga, haifai jengo linalozidi ghorofa sita hivi, na kwa kuwa kwa kawaida haina vyuma vya kusawazisha, pampu hubeba mzigo mzima kila inapopandisha.

Hadi miaka ya tisini, mwenye jengo aliyetaka lifti ya nyaya alilazimika kujenga chumba cha mitambo juu ya paa, kile kibanda ambacho wapita njia wengi hudhani ni cha tangi la maji. Mnamo 1996, kampuni ya KONE ya Finland ilileta lifti ambayo mota yake, inayotumia sumaku za kudumu, ni nyembamba kiasi cha kutoshea ndani ya shimo la lifti lenyewe. Kibanda cha paani hakikuhitajika tena. Miaka michache baadaye, Otis, kampuni iliyoanzishwa na yule fundi wa jukwaa, ikaanza kutumia mikanda bapa badala ya kamba za mviringo, na mitambo ikazidi kuwa midogo.

Majumba marefu zaidi yana tatizo lao. Kamba ya chuma ikifika urefu wa mita 500 hivi, uzito wake yenyewe unakuwa mzigo usiovumilika. KICC, lililokamilika 1973, na jumba la Britam la mita 200 mtaani Upper Hill hayakaribii kikomo hicho. Burj Khalifa la Dubai, lenye mita 828, linakipita mbali. Dawa ya kwanza ilikuwa kuwafanya abiria wabadilishe lifti njiani, kama msafiri ashukaye kwenye basi la masafa marefu na kudandia matatu ya mtaani: katika majumba pacha ya World Trade Center, New York, walibadilishia ghorofa ya 44 na ya 78. Dawa ya pili ni kamba ya nyuzi za kaboni iliyozinduliwa 2013, nyepesi kiasi cha kuweza kufika kilomita moja. Na kuhusu kasi, lifti ya Shanghai Tower nchini China ina uwezo wa mita 20.5 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 74 kwa saa, pungufu kidogo ya kilomita 80 ambazo matatu haziruhusiwi kuzipita.

Za ngazi za umeme hazitatuweka sana. Hizo husafirisha watu wengi zaidi kwa saa kuliko lifti yoyote, hazina foleni, na umeme ukipotea mtu hupanda kwa miguu. Ila ni za ghorofa chache, na hazimfai wa kiti cha magurudumu wala mgonjwa wa machela. Kwa machela, hospitali huhitaji lifti yenye kina cha kumeza kitanda kizima pamoja na muuguzi. Wajenzi wanaoweka lifti ya kawaida ya ofisi katika jengo la zahanati hugundua kosa hilo wakati wameshachelewa.

Penye hatari

Ikiwa waya hauui, basi ni nini? Ni mlango. Kila ghorofa ina mlango wake wenye kufuli ambayo haipaswi kufunguka ila chumba kimefika, na lifti haipaswi kusonga hata inchi moja ikiwa mlango mmoja haujafungwa sawasawa. Kufuli hiyo ikichakaa, au ikifungwa kwa kipande cha waya na fundi wa kubahatisha ili lifti "iendelee tu", mlango huweza kufunguka mbele ya shimo tupu. Mtu aliyezoea kuingia huku akitazama simu hatatambua tofauti.

Hatari ya pili husababishwa na waliokwama wenyewe. Chumba kikisimama kati ya ghorofa mbili, wenye haraka huubandua mlango na kuruka kwenye sakafu iliyo chini yao. Chini ya chumba hubaki mwanya unaoelekea shimoni, na anayeteleza hurudi nyuma kuingia humo. Chumba cha lifti hakizibwi kikakosa hewa; aliyekwama atapata joto na hofu, lakini hatakosa pumzi. Salama yake ni kubonyeza kengele na kumngoja fundi. Moto ndio suala jingine: hapo lifti haiingiwi kabisa, maana umeme waweza kukatika wakati wowote na shimo hugeuka bomba la moshi.

Mei 10, 1995, katika mgodi wa dhahabu wa Vaal Reefs nchini Afrika Kusini, garimoshi la chini ya ardhi lilivunja kizuizi, likatumbukia shimoni na kukiangukia chumba kilichojaa wachimba migodi. Zaidi ya 100 walifariki. Huko pia, balaa ilianzia mlangoni mwa shimo.

Kwa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila lifti katika maeneo ya kazi ikaguliwe kikamilifu angalau mara moja kila miezi sita na mtu aliyeidhinishwa. Mpangaji ana haki ya kuuliza ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini. Ni wachache wanaouliza.

Kuna wasio na lifti ya kukaguliwa. Katika mitaa ya Nairobi kama vile Pipeline na Huruma, majengo ya ghorofa saba au nane yamesimama bega kwa bega na njia ya pekee ya kupanda ni ngazi nyembamba. Mitungi ya gesi, magodoro na madumu ya maji hupandishwa kwa mabega ya watu, na kama kule New York kabla ya 1857, kodi ya juu mara nyingi huwa nafuu kuliko ya chini. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Katika majengo hayo, aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kupanga ghorofa ya chini pekee, na ghorofa ya chini, mara nyingi, ni ya maduka.