Madeni ya Kale kwa Nchi za Nje

Kwetu Mkwaja, katika pwani ya Pangani, mtu huweza kukopa mchele dukani akaahidi kulipa atakapoangua nazi zake. Mwenye duka huandika katika daftari. Nazi zikikosa bei, mdai na mdaiwa hujuana, na wazee huweza kuwapatanisha. Nchi nayo hukopa, lakini wadai wake wako ng'ambo, na deni likikaa miaka mingi huwa na shida zake. Yafaa tujue jinsi madeni ya namna hiyo yanavyomalizwa.

Kwanza tuone kwa nini deni la nje huzidi uzito. Deni hilo hulipwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa kiasi cha shilingi 8; mwaka 2000 ilikuwa kiasi cha shilingi 800. Basi deni la dola milioni moja, lililokuwa shilingi milioni 8, likawa shilingi milioni 800, ingawa hatukuongeza kukopa hata senti moja. Tena kuna riba, na riba isiyolipwa hujumlishwa katika deni. Katika miaka hiyo mafuta yalipanda bei, mwaka 1973 na 1979, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Hivyo nchi yetu ikashindwa kulipa kwa wakati.

Njia za kumaliza deni la kale ni tatu. Ya kwanza ni kupatana upya. Serikali nyingi zinazokopesha hukutana katika umoja uitwao Klabu ya Paris, ulioanza mwaka 1956. Mdaiwa huonana nao wote pamoja, nao humwongezea muda au humpunguzia deni. Ya pili ni kulinunua deni lenyewe. Mfanyabiashara aliyekata tamaa hukubali kupokea sehemu ndogo na kufuta iliyobaki. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2001 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ya tatu ni kusamehewa. Novemba 2001 Tanzania ilitimiza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni mazito, na mwaka 2006 Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia zikaisamehe tena madeni mengi.

Msamaha huo haukuwa wa bure. Serikali ilitakiwa kutumia fedha zilizookolewa katika kupunguza umaskini, hasa kwa elimu na afya. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na nafuu ya madeni ilisaidia jambo hilo. Shangazi yangu aliacha shule akiwa darasa la tano, miaka michache kabla, kwa kukosa ada. Mdogo wake alisoma mpaka darasa la saba. Kwa hiyo hesabu zilizofanywa mbali ng'ambo zilifika hata nyumbani kwetu.

Lakini deni lisilomalizwa lina hatari. Tazameni jirani zetu wa Zambia. Mwaka 1979 walikopa kwa Romania kiasi cha dola milioni 15 ili kununua matrekta na zana za kilimo, kisha wakashindwa kulipa. Mwaka 1999 kampuni ya Donegal International ililinunua deni hilo kwa dola milioni 3 na kitu, kisha ikadai dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama ya London iliamua Zambia ilipe kiasi cha dola milioni 15. Mkopeshaji wa kwanza alikuwa serikali yenye urafiki; aliyekuja kudai alikuwa mgeni aliyetaka faida. Baadaye, mwaka 2010, Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia wadai wa namna hii wasizidai nchi maskini kupita kiasi katika mahakama zake.

Basi twajifunza nini? Deni halifi kwa kunyamaziwa. Mdaiwa na atunze karatasi zake, ajue anadaiwa na nani na kiasi gani, na akishindwa aseme mapema, kabla deni halijauzwa kwa mtu asiyemjua. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tanzania imekopa tena tangu isamehewe, na sisi tulio shuleni leo ndio tutakaolipa kesho. Kwa hiyo si vibaya tukaanza kuuliza leo: fedha hizi zimekopwa kwa nani, kwa riba gani, na zimejenga nini?