Saa za Mwanafunzi Zinazoliwa na Barabara

Chuo kilichopo katikati ya Nairobi, kando ya barabara ya Harry Thuku, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kikiitwa Royal Technical College. Tangu mwaka 1970 ndicho Chuo Kikuu cha Nairobi. Mabweni yake hayawatoshi wote, na kwa hiyo wanafunzi wengi hupanga vyumba Kangemi, Uthiru, hata Kikuyu, ambako kodi ni nafuu.

Lakini unafuu huo una gharama yake. Ikiwa mwanafunzi wa Kangemi hutumia saa moja kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa kuwa magari husongamana pale Westlands, basi kwa siku 5 amekwisha kupoteza saa 12 na nusu. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hajui ya kuwa paja zima la ng'ombe yule limeliwa na barabara ya Waiyaki.

Wako wanaoshinda maktabani baada ya darasa hadi magari yapungue. Shauri hilo ni jema kwa anayekaa karibu na kituo. Kwa msichana anayepita vichochoro vya giza si jema hata kidogo. Huyo afadhali awahi alfajiri, barabara ikiwa bado nyeupe, asome saa nzima kabla ya mwalimu kuingia.

Tena kuna saa zile baina ya somo na somo, ambazo wengi huzimaliza kwa mazungumzo. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha ya kuwa mtu husahau kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo baada ya kujifunza. Kwa hiyo nusu saa ya kurudia somo siku ile ile huokoa kazi kubwa ya baadaye. Anayelimbikiza madaftari hadi juma la mtihani hujifunza upya yale aliyokwisha kufundishwa.

Ndani ya matatu kusoma kitabu kinene ni taabu, hasa muziki ukipigwa kwa nguvu. Hata hivyo kijidaftari cha mfukoni, chenye maswali kumi ya somo la siku ile, hutosha kutoka mjini hadi Kangemi. Akifika nyumbani, lile asiloweza kulijibu ndilo la kufungulia kitabu kwanza, kabla ya kuwasha jiko.