Kwa Motokaa Katika Nchi ya Maji Yachemkayo

Huko New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali kusini katika Bahari ya Pasifiki, msafiri aweza kukodi motokaa mjini Auckland akajiendesha mwenyewe. Magari hupita upande wa kushoto kama kwetu. Baada ya kilomita zipatazo 230, ataanza kunusa harufu ya yai viza. Asidhani motokaa imeharibika! Amefika Rotorua, na harufu hiyo ni ya kiberiti kitokacho ardhini pamoja na mvuke.

Wamaori, wenyeji wa kwanza wa nchi ile, husimulia asili yake. Zamani kuhani wao Ngatoroirangi alipanda mlima Tongariro, akashikwa na baridi karibu ya kufa. Akawaita dada zake waliobaki Hawaiki, nchi ya wazee wao ng'ambo ya bahari, wamletee moto. Moto ukaja kwa njia ya chini ya ardhi, na kila ulipochungulia juu, maji yanachemka mpaka leo. Wataalamu wana maelezo yao: maji ya mvua huingia katika nyufa, hukutana na mawe yenye moto, kisha hupanda tena. Lakini katika ramani yao mstari wa milima ya moto, toka kisiwa cha Whakaari hadi Tongariro, ni njia ileile ya hadithi. Na moto haujalala: tarehe 9 Desemba 2019 Whakaari ililipuka, watu 22 wakafa.

Kando ya Rotorua kiko kijiji cha Whakarewarewa. Hapo usiwe na haraka. Mwenyeji akikusalimu kwa kugusanisha pua yake na yako, usirudi nyuma. Maana yake mnashiriki pumzi moja. Mama wa nyumba hapo hahangaiki na kuni. Huweka nyama na viazi katika sanduku juu ya tundu la mvuke, akafunika, akaenda zake. Mahindi huteremshwa katika kidimbwi kichemkacho. Maji ya kidimbwi hicho huongozwa kwa mifereji hadi kwenye mabirika, yakapoa kidogo, na majirani wakaoga. Lipo na kanisa dogo la Kikatoliki. Makaburi yamejengwa juu ya ardhi, kwa kuwa ukichimba utakutana na mvuke.

Wazee wa wengi wa wanakijiji hawa walifika kama wakimbizi. Usiku wa tarehe 10 Juni 1886 mlima Tarawera ulipasuka, majivu na tope vikafukia vijiji, na watu wapatao 120 wakafa, karibu wote Wamaori. Katika kijiji cha Te Wairoa, Mama Sophia Hinerangi, aliyekuwa kiongozi wa wageni, aliwahifadhi watu zaidi ya 60 nyumbani mwake, wakaokoka. Baadaye naye alihamia Whakarewarewa akaendelea na kazi yake.

Ukishika njia ya kusini, kama kilomita 30, utafika Wai-O-Tapu. Yasemekana wafungwa waliokuwa wakifua nguo hapo walitia sabuni katika chemchemi, maji yakaruka juu, nao wakakimbia! Hata sasa hutiwa sabuni kila asubuhi ili wageni waone.

Mbele zaidi, karibu na ziwa Taupo, ni Wairakei, ambako umeme wa mvuke ulianza kutolewa mwaka 1958. Faida yake ni kubwa. Mafundi wengi wa Kenya, yenye mitambo ya namna hiyo Olkaria tangu 1981, walisomea kazi hiyo Auckland. Lakini visima vya Wairakei viliponyonya mvuke, chemchemi zirukazo za bonde jirani zilikufa.

Ukirudi Rotorua utaelewa kwa nini watu wa huko walishtuka. Nyumba na hoteli nyingi zilikuwa zimechimba visima vya kupasha joto, na chemchemi za Whakarewarewa zikaanza kudhoofika. Mwaka 1986 serikali iliamuru visima vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka Pohutu, chemchemi kuu ya hapo, vifungwe. Wenye visima walinung'unika sana, kwani waliozoea joto la bure sasa walipaswa kulinunua. Pohutu ingali inaruka, mara nyingine hadi mita 30. Jirani yake Papakura, iliyonyamaza mwaka 1979, ilianza kuruka tena mwaka 2015.