Kuacha kazi ingine na kusomea uuguzi: mtu wa Burungu apitie mlango gani?

Huku Burungu, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Kitshanga, mtu yeyote mwenye kuvaa bluzi nyeupe anaitwa munganga. Anaweza kuwa daktari, anaweza kuwa muuguzi, anaweza kuwa kijana mwenye kuuza dawa ambaye alijifunza kudunga sindano kwa kuangalia wengine. Kwa mgonjwa wote ni munganga. Lakini kwa mtu mzima anayetaka kuacha kazi yake ili asomee uuguzi, tofauti hiyo ni kubwa. Ndiyo itaamua kama miaka yake na makuta yake vitamletea diploma ya kweli ao karatasi tu.

Wenye kuwaza hivi ni watu wa namna nyingi. Kuna mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka na darasa la watoto wengi. Kuna mama muuza maharagwe mwenye diploma ya serikali ndani ya sanduku. Kuna kijana mwenye licence ya maendeleo ya vijijini ambaye ameweka barua kila mahali bila jibu. Wote wanauliza jambo moja: naanzia wapi?

A2, A1, A0 ni nini?

Kwa miaka mingi wauguzi wa Kongo walipangwa kwa herufi na namba. A2 ni yule aliyesoma ITM, ni kusema Institut Technique Médical, shule ya sekondari iliyo chini ya wizara ya afya. Mwanafunzi anaingia kisha kumaliza mwaka wa 8, anasoma miaka 4, na mwishoni anapita mbele ya Jury national. A1 ni aliyefanya graduat ya miaka 3 kwenye ISTM, chuo cha juu cha mambo ya tiba. A0 ni yule aliyeongeza miaka 2 ya licence juu yake.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya juu vya Kongo viliingia katika mfumo unaoitwa LMD. Graduat inaondoka. Licence mpya ni miaka 3, kredi 60 kila mwaka, jumla 180. Nyuma yake kuna master ya miaka 2. Kwa hiyo, mtu anayesikia bado "nitafanya graduat ya uuguzi" ajue kwamba wanaoanza sasa wanaanza licence ya LMD.

Mlango wa nani?

Mtu mwenye diploma ya serikali hana lazima ya kurudi ITM na kukaa benchi moja na watoto wa miaka 15. Mlango wake ni chuo cha juu. Kwa watu wa Masisi na Walikale, vyuo vya serikali vinavyojulikana ni ISTM ya Goma na ISTM ya Bukavu. Huko anaweza kuchagua uuguzi, ao ukunga ambao ni njia yake mwenyewe, ao laboratware, ao lishe. Kila chuo kinatoa masharti yake ya kuingia: asilimia ya diploma, section aliyosoma sekondari, mtihani wa kuingia. Ni vizuri kuyasoma kwenye tangazo la chuo chenyewe, si kwa mdomo wa jirani.

Yule mwenye licence ya kitu kingine asidhani kwamba itamkatia njia. Huko Marekani kuna masomo ya haraka ya uuguzi kwa watu waliokwisha kupata digrii nyingine. Huku kwetu ahesabu kuanzia mwaka wa kwanza. Chuo kikimkubalia kredi za masomo fulani, kama kompyuta ao takwimu, hiyo ni faida. Lakini anatomia, fiziolojia na staji za hospitali hakuna wa kumsamehe.

Asiyemaliza sekondari, mlango wake ni ITM. Ni miaka 4, na ni mingi kwa mtu mwenye watoto. Lakini A2 ni muuguzi wa kweli, na vituo vya afya vingi vya vijijini vinasimama juu ya A2. Hata hivyo, ajue upepo unaelekea wapi: Rwanda, jirani yetu, ilisukuma wauguzi wake wa A2 wapande kwenye A1.

Makaratasi yaliyopotea vitani

Huku Masisi wengi walikimbia zaidi ya mara moja, na diploma zilibaki ndani ya nyumba zilizochomwa. Kabla ya kwenda chuoni, mtu huyo aanzie kwenye shule aliyomalizia ao kwenye inspeksheni ya shule, aombe ushahidi kwamba alifaulu. Kazi hiyo inaweza kula miezi, kwa hiyo haingoji wiki ya kujiandikisha. Mwenye makaratasi bado, ayapige picha na simu na kuacha kopi kwa ndugu anayeishi mahali pengine.

Shule ya kweli na shule ya mfukoni

Hapa ndipo watu wanapoteza feza. Kuna nyumba zinazofundisha "uuguzi" kwa miezi michache na kutoa cheti chenye muhuri mzuri. Cheti hicho hakimfanyi mtu muuguzi. Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda Ordre ya wauguzi katika Kongo, na muuguzi anapaswa kuandikishwa humo ili afanye kazi. Bila diploma inayotambuliwa, hataandikishwa.

Kabla ya kulipa hata franga moja, kuna maswali matatu ya kuuliza. Shule iko na arete ya waziri inayoiruhusu? Kwa ITM, Divizio ya afya ya jimbo inaijua? Wanafunzi wanafanya staji hospitali gani? Shule ya kweli haikasiriki ikiulizwa hivyo.

Feza, na kisha masomo

Minervali ni sehemu moja tu. Kuna nyumba ya kupanga Goma, chakula, bluzi, kipimo cha presha, silabasi, safari. Kuna pia staji: asubuhi, usiku, siku ya yenga, bila malipo. Mama mwenye meza sokoni hawezi kuwa sokoni na kwenye zamu siku moja. Ndiyo sababu familia inapaswa kukaa pamoja na kuhesabu miaka yote 3, si mwaka wa kwanza peke yake.

Na kisha diploma? Ukweli ni mchungu kidogo. Wauguzi wengi wa serikali hawako kwenye orodha ya mshahara. Wanaishi kwa prime, ao kwa kile wagonjwa wanacholipa na ambacho wafanyakazi wa kituo wanagawana. Mahali shirika linasaidia, matunzo yanakuwa bure na shirika linatoa prime; likiondoka, prime inaondoka nalo.

Kwa mwalimu jambo hili ni zito zaidi. Mwalimu mwenye namba ya DINACOPE, ile tuliyozoea kuita SECOPE, anaacha mshahara mdogo lakini unaojulikana. Akiacha darasa bila kuaga, anahesabiwa kama mtoro. Aongee kwanza na mkuu wa shule na msimamizi wake, aandike barua, abaki na kopi.

Kujaribu kabla ya kuruka

Kuna njia ya kujipima bila kuuza shamba. Vijiji vina relais communautaires, na sehemu zingine ziko na vituo vidogo ambako relais waliofundishwa wanatunza watoto wa chini ya miaka 5 wenye malaria, kuhara ao nimonia. Mtu anaweza kujitolea huko, ao katika Msalaba Mwekundu. Ndani ya miezi 6 atajua kama anavumilia harufu ya kidonda, kilio cha usiku, na mzazi mwenye kuuliza kwa nini mtoto amekufa.

Kivu ya Kaskazini ina maeneo ya afya 34, na kila kituo cha afya kina infirmier titulaire, anayeitwa IT. Huyo alipita njia hii yote. Kwa mtu wa Burungu anayewaza kubadilisha kazi, safari ya kwanza si ya Goma. Ni kwenda kumwona IT siku yenye wagonjwa wachache, na kumwuliza tatu: ulisoma wapi, ilikula ngapi, na mwezi uliopita ulipata nini.