Soledad Chacón na Mamlaka ya Katibu wa Jimbo la New Mexico

Soledad Chávez Chacón (1890–1936), mzaliwa wa Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Marekani, hutajwa zaidi kwa sifa moja: mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Kihispania kuchaguliwa nchini humo kushika wadhifa wa jimbo zima. Sifa hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, haitufafanulii alipewa mamlaka gani, wala yalitoka wapi.

Katiba ya New Mexico ya 1910 iliwaruhusu wanawake kupiga kura katika chaguzi za shule tu. Marekebisho ya Kumi na Tisa ya Katiba ya Marekani yaliwapa haki kamili ya kura mwaka 1920, na mwaka uliofuata katiba ya jimbo ikarekebishwa ili waweze kugombea nyadhifa. Katika uchaguzi wa 1922, chama cha Republican kilimsimamisha Adelina Otero-Warren, naye mwenye asili ya Kihispania, kuwania kiti katika Bunge la Marekani, akashindwa. Chama cha Democratic kilimsimamisha Chacón kuwania ukatibu wa jimbo, akashinda.

Kwa mtazamo wa juujuu, ukatibu huo ni kazi ya kutunza kumbukumbu na shughuli za uchaguzi. Lakini katiba iliuweka katika mstari wa urithi wa madaraka, baada tu ya naibu gavana. Mwaka 1924 Naibu Gavana José A. Baca alifariki. Mwezi Juni, Gavana James F. Hinkle alipokwenda New York kuhudhuria mkutano mkuu wa chama chake, Chacón akawa kaimu gavana kwa takribani majuma mawili. Neno "kaimu" katika matumizi ya ofisi zetu huashiria mtu aliyeachiwa kiti kwa hisani ya mkuu wake. Hapa tafsiri hiyo inapotosha, kwani aliyemkalisha Chacón kitini ni katiba. Wanawake wa kwanza kuchaguliwa magavana, Nellie Tayloe Ross wa Wyoming na Miriam Ferguson wa Texas, walikuwa bado hawajapigiwa kura. Walichaguliwa Novemba mwaka huohuo.

Chacón alichaguliwa tena 1924, na mwaka 1934 akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Humo hakuwa wa kwanza: Fedelina Lucero Gallegos na Porfirria Hidalgo Saiz walikuwa wamechaguliwa mwaka 1930. Alifariki Agosti 1936.

Kwa maoni ya mwandishi, jambo linalostahili kuchunguzwa zaidi ni hatima ya kiti alichokiacha. Tangu 1923 hadi mwishoni mwa 2015, kila aliyeshika ukatibu wa jimbo la New Mexico alikuwa mwanamke, na wengi wao walikuwa na asili ya Kihispania. Mlango aliofunguliwa Chacón ulibaki wazi, ila uligeuka kuwa mlango wa chumba kimoja. Kiti cha gavana, ambacho kisheria kilikuwa hatua mbili tu mbele, kilimpata mwanamke wa kwanza wa kuchaguliwa, Susana Martinez, Januari 2011.